Ni Nguvu Gani Tunajivunia?



Mtakumbuka kwamba katika namba iliyopita ya gazeti letu tuliweka ulizo moja tu: «Kitu gani umefanya na mwili wako, ambacho unajivunia kuliko vyote?» Tuliweka kopo ya maziwa ya unga mbele ya mlango wa biblioteki, tukatoboa kifuniko, tukaomba kila mtu atie karatasi yake, hata bila jina. Tulifikiri tutapata karatasi kumi hivi. Kumbe kopo ilijaa mbele ya juma kuisha, mpaka tukashindilia karatasi na kijiti ili zingine ziingie. Hatujaona bado wanafunzi wa hapa wakiandika hivyo bila kulazimishwa na mwalimu wa Kifaransa.

Sisi wa komite tulizisoma zote siku ya posho, kisha kufua nguo. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili tuligombana. Mara ya tatu tukaona kwamba liko neno la kusema, na ndilo tunalisema hapa. Kama tutapita mpaka, wakubwa wetu watusamehe.

Karatasi nyingi za wavulana zilikuwa za mapompe. Mmoja aliandika: «Mimi nafanyaga mapompe mia mbili bila kupumzika.» Tulitambua maandiko yake, tukamwalika kwa heshima kwenye baraza ya enterna, jioni, mbele ya watu wanane. Kufika thelathini na moja tumbo lake lilikuwa limelala kwenye sima kama mbuzi amechoka. Kufika thelathini na nne akasema kwamba mchana alikula maharagi mengi. Hatutaji jina lake. Kilasi yake nzima inamjua. Lakini tunataka kuandika hapa, ili kusikuwe mashaka tena: pompe ni moja wakati mgongo umenyoka kama ubao, kifua kimeshuka karibu kugusa chini, na mikono imenyoka tena juu. Kutikisa shingo si pompe. Kwa hesabu hiyo, thelathini za kweli ni kazi kubwa, na huyu ndugu yetu angeandika «thelathini» tungemsifu.

Juu hesabu ya nguvu ina faida tu kama mwingine anaweza kuihesabu nawe. Wazazi wetu wanapenda kutuambia habari za mwaka wa 1974. Mwaka ule Mulamba Ndaye alitia mabao 9 katika Kombe la Afrika kule Misri, na mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyetia mengi hivyo katika kombe moja. Katika fainali na Zambia alitia mabao yote mawili ya machi ya kwanza, iliyoisha 2 kwa 2, na yote mawili ya machi ya kurudia, iliyoisha 2 kwa 0. Si yeye aliyeyahesabu. Wapinzani wake waliyahesabu, na waliyahesabu kwa uchungu. Miezi michache mbele, kule Ujerumani, ekipe yetu ilipigwa 9 kwa 0 na Yugoslavia, na hesabu hiyo pia imebaki. Vitu viwili hivyo vinakaa pamoja katika kitabu kimoja.

Karatasi moja haikutuchekesha. Mwenzetu mmoja wa kilasi za juu alifanya mchezo wa kushindana, mandazi kumi kwa mshindi: kubeba mfuko wa simenti wa kilo 50 kwenye mabega, toka barabarani mpaka pale wanajenga, mara tatu. Wa kwanza akafikisha. Wa pili akafikisha. Kwa wa tatu alisikia kitu kimekatika katika kiuno, akaanguka na mfuko. Mandazi hakuyala. Muganga alimkataza kazi na michezo kwa majuma mengi, na hata sasa hawezi kukaa kwenye benchi saa nzima; mnamuonaga akisimama nyuma ya kilasi kama mlinzi. Yeye mwenyewe aliandika: «Najivunia mifuko miwili. Wa tatu sijivunii.» Tungependa maneno hayo yaandikwe kwenye ukuta wa enterna. Mtu wa miaka 16 anaweza kuwa na ndevu na sauti ya mzee, lakini kwenye ncha za mifupa yake kungali sehemu laini ambazo hazijamaliza kukomaa. Mzigo unaomfaa mwenye kujenga wa miaka 30 unaweza kumuharibu. Na wale waliosimama pale kupiga makofi, tunasema wazi, nao walibeba sehemu ya kosa. Wawili wao ni wa komite hii.

Sasa tufike kwa karatasi iliyotugombanisha. Ilikuwa ya msichana. Tunaiweka hapa karibu yote, kwa ruhusa yake:

«Nyumbani kwetu kisima kiko chini kabisa ya kilima. Nilipofika miaka kumi mama alinipa bidoni ya litre kumi. Nilikuwa natua mara sita mbele ya kufika. Nilijua mahali pangu pote pa kutua: kwenye jiwe, kwenye mti wa avoka, kwa mama anayeuzisha makala, na vile. Kila wakati wa mvua nilijaribu kuondoa pahali pamoja. Kisha mama alinipa bidoni ya litre ishirini, nikarudi tena kwenye mara saba, na nililia. Mwaka jana, likizo ya Pasaka, nilitoka kisimani na ile ya ishirini, nikapita jiwe, nikapita avoka, nikapita makala, nikafika nyumbani sijatua hata mara moja. Hakuna aliyeniona. Nilitua bidoni, nikakaa juu yake, nikacheka peke yangu.»

Ndugu zetu wavulana wa komite walisema mara moja: Hii si sport, hii ni kazi ya nyumbani, kila msichana anaifanyaga. Na hapo ugomvi ukaanza, kwa maana dada zetu waliwauliza: Nani kati yenu amekwisha kubeba litre 20 kwenye mgongo, kamba ikikamata paji la uso, juu ya kilima chenye matope? Litre 20 za mayi ni kilo 20, bila bidoni yenyewe. Mmoja alijibu kwamba yeye anabebaga kwa kinga. Walimcheka mpaka akatoka nje.

Kisha kelele tukasoma tena, na tukaona kitu ambacho hakikuwa katika karatasi zingine. Wengine wote waliandika namba moja: mapompe kiasi gani, kuruka metre ngapi, kupiga mpira na mguu mara ngapi bila kuangusha. Yeye aliandika namba zinazotembea: sita, tano, nne, kisha saba tena, kisha hata moja. Alikuwa na daftari ndani ya kichwa chake kwa miaka mingi, na hakumshindanisha mtu yeyote isipokuwa yule msichana wa juma lililopita ambaye alikuwa yeye mwenyewe. Wanaofundisha wakimbiaji wakubwa wanafanyaga namna ile ile. Wanapandisha mzigo kidogo kidogo, wanaacha mwili ujenge nguvu wakati wa kupumzika, ndipo wanaongeza tena. Hakuna aliyemfundisha. Mama yake alijua wakati wa kubadilisha bidoni, basi.

Kutoka hapo tulijiuliza: masomo yetu yanapima nini?

Kila mwisho wa mwaka kuna mbio ya kuzunguka uwanja, na watatu wa kwanza wanaitwa siku ya proklamasio, wanapewa daftari na kalamu. Ni wavulana tu wanaokimbia. Wasichana siku hiyo wanapika bugali na wanapiga vigelegele. Na wavulana wenyewe, angalieni: katika kilasi moja kuko mwenye miaka 14 na mwenye miaka 19, juu vita vilikata masomo ya wengi wetu. Mmoja angali na mwili wa mtoto, mwingine amekwisha kuwa mwanaume mzima. Miaka tatu mfululizo mshindi amekuwa katika wale wakubwa, na si ajabu. Kuko pia wenzetu waliotoka kwenye bonde la Semliki, upande wa Kasindi, ambapo kuko joto na pumzi ni nzito. Wakifika hapa kwenye milima, miezi ya kwanza wanahema kama wazee kwa kupanda tu ngazi za kanisa. Mwili unahitaji majuma mengi kuzoea hewa nyepesi na kuongeza damu nyekundu ya kubeba hewa ile. Mmoja wao alimaliza wa mwisho katika kilasi yake mwezi wa kumi, watu wakamzomea. Mwezi wa tano alikuwa wa katikati. Nani aliandika hiyo? Hakuna.

Tulimwendea Mwalimu wa michezo, tukamueleza. Hakukasirika. Alitujibu kwamba pointi zinataka kipimo kimoja kwa wote, kama katika hesabu: jibu ni jibu, hata kama mmoja ametoka mbali na mwingine karibu. Tunakubali kwamba neno lake lina uzito. Mbio ikitangazwa, wa kwanza ni wa kwanza, na hatutaki kumnyang'anya kalamu yake. Lakini Mwalimu mwenyewe alituambia pia kwamba katika kilasi ya kuimba yeye asingaliweza kupata nusu ya pointi hata kama angefanya mazoezi mpaka kufa. Basi tukamuuliza: Na ungependa waandike nini juu yako, Mwalimu? Alicheka. Akasema tumuachie juma moja afikiri.

Kwa kungojea alitufundisha kitu kimoja kisichohitaji uwanja wala viatu, na tunawapa ninyi wote. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe, juu nacho kina mapigo yake na kitakudanganya. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4. Mtu mzima aliyetulia anakuwaga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wale waliozoea kukimbia sana wanaweza kushuka chini ya 60, kwa maana moyo wao umepata nguvu, na kila pigo linasukuma damu nyingi. Kisha panda kilima kwa haraka, hesabu mara moja ukifika, ngoja dakika moja, hesabu tena. Kadiri mwili wako unavyopata mazoezi, mapigo yanashuka mengi zaidi katika ile dakika moja. Hapo hakuna bongo. Moyo haujui kama kuna watu wanane kwenye baraza wanaoangalia.

Tulipata tena jibu la namna nyingine, kutoka kwa mzee mmoja wa kanisa ambaye tunamheshimu sana. Alisema ulizo letu lenyewe halifai katika gazeti la masomo ya Kiprotestanti, juu ni kufundisha watoto kiburi cha mwili, na Paulo alimwandikia Timoteo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Tumesoma sura ile, ni ya nne katika waraka wa kwanza. Kwa heshima yote tunamjibu Baba yetu kwamba faida kidogo si sawa na faida hakuna. Paulo aliiweka karibu na utauwa, na karibu na utauwa kitu gani hakitaonekana kidogo? Hata Exetat itaonekana kidogo, na hakuna mzazi anayetukataza kuisomea. Tena Paulo yule yule aliandikia Wakorinto juu ya wakimbiaji na watu wa kupigana ngumi, kwa maana karibu na mji wao kulikuwa michezo mikubwa kila kisha miaka miwili, na washindi walipata taji la majani tu. Alijua wasikilizaji wake waliona mambo hayo kwa macho. Na yeye mwenyewe, kwa safari alizofanya kwa miguu, tunafikiri alikuwa na mapaja magumu.

Lakini juu ya kiburi, Baba yetu ana haki upande mmoja. Yule wa mapompe mia mbili na yule wa simenti waliumizwa na kitu kimoja: walitaka kuonekana. Ndiyo maana tunapenda habari ya John Stephen Akhwari wa Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya ziwa. Mwaka wa 1968 alikimbia marato ya Olimpiki kule Mexico, mji ulio juu ya metre 2.200. Katikati ya njia alianguka, goti likaumia vibaya, wakamfunga bandeji. Watu 75 walianza, 57 walimaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda. Zaidi ya saa moja kisha yeye, jua limekwisha kushuka, Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, wa 57. Watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Wachache waliobaki walisimama.

Hata hivyo tusidanganyane: goti lililoumia linataka kupumzishwa, na sisi hatuambii mtu akimbie na jeraha siku ya mbio yetu. Tunasema tu kwamba yule wa 57 ana jina, na katika palmaresi yetu wa nne hana.

Imebaki karatasi moja. Ilikuwa ndogo, imekatwa kwenye daftari ya hesabu, na haina jina. «Mwaka wa 2024, tulipokimbia Kanyabayonga, nilibeba mdogo wangu siku nne mpaka Lubero. Yuko na miaka mitano. Sikumuangusha.»

Tulinyamaza wote. Kisha mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo kwamba hii hatuwezi kuiweka, juu hakuchagua, ni mateso, si mazoezi. Mwingine, ambaye naye alitembea njia ile, akamjibu: «Miguu ilijua tofauti?» Hatukupata jibu, na mpaka leo hatujapata. Ni kweli kwamba hatutaki hata kidogo vita viwe mwalimu wa michezo wa mtoto yeyote. Ni kweli pia kwamba tuliuliza mtu anajivunia nini, na mtu huyu alijibu. Kumfuta ingekuwa kumwambia kwamba siku zake nne hazina hesabu, lakini mapompe yana. Kwa hiyo tumeiweka gisi alivyoiandika. Wewe uliyeiandika, kama unataka kuja kwetu, njoo. Kama hutaki, hatutatafuta maandiko yako kama tulivyotafuta ya yule mwingine.

Sasa maombi yetu kwa Bwana Prefe na kwa baraza la walimu. La kwanza, kila mwanafunzi awe na ukurasa wake katika daftari ya michezo, na iandikwe alichoweza mwezi wa kumi na alichoweza mwezi wa tano. Na siku ya proklamasio waitwe wale watatu wa mbio na pia wale ambao ukurasa wao umebadilika zaidi. La pili, wasichana wakimbie. Bugali inaweza kupikwa na wavulana wa kilasi ya kwanza; haitakuwa tamu, lakini itaiva. La tatu, mizigo ya kujenga ibebwe kwa mukokoteni, na mwanafunzi asipewe mfuko wa simenti hata kwa ajili ya adabu.

Juu ya la kwanza, Mwalimu wa michezo amerudi kisha lile juma lake: anakubali kujaribu na kilasi mbili, ya kwanza na ya tatu, mpaka mwisho wa trimesta. Juu ya la pili tunangoja jibu. Juu ya la tatu, tayari mmeuona mukokoteni pale kwenye michanga.

Siku ya posho inayokuja, saa nane ya mchana, tutakutana chini ya kilima cha kanisa kwa kuhesabu mapigo ya moyo, mbele ya kupanda na kisha kupanda. Wasichana na wavulana, walimu pia kama wanapenda. Leteni kalamu. Saa itakamatwa na mwenzetu wa mifuko miwili, juu yeye bado hawezi kupanda, na amesema hatamuonea mtu hata sekunde moja.